Gobore Halirithiwi

Mwanangu anaishi nyumbani kwangu Bigwa, anakula chakula changu, na hanisemeshi. Ana miaka thelathini na minne. Asubuhi hunipa shikamoo kwa sababu nilimlea vizuri, kisha anafunga mdomo mpaka kesho yake. Majirani wanadhani ni jicho. Wanasema, masikini, tangu apoteze jicho amekuwa mtu wa ndani. Nawaacha waseme, maana ukweli ni mbaya zaidi. Kwa jicho hakunikasirikia hata siku moja. Amenikasirikia kwa sababu nilichukua gobore la marehemu kaka yangu nikalipeleka polisi, na kwa mila zetu gobore lile lilikuwa lake.

Na mimi nina bunduki. Niliseme hili mapema, asije mtu akadhani nasoma hotuba ya mtu asiyejua uzito wa chuma begani. Ni shotigani ya mitutu miwili, imo chumbani kwangu, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa nati. Leseni ninayo, na kila mwaka naipeleka kukaguliwa. Shamba langu linapanda mlima pale nyumba za Bigwa zinapoishia, na nguruwe pori hawajui mpaka wa msitu. Wakiingia kwenye mahindi yaliyoanza kukomaa, kufika asubuhi unakuta wamelala juu yake kama wamelipia chumba. Wale wa mjini wanaosema bunduki zote zikusanywe zikayeyushwe, nawakaribisha waje walinde mahindi yangu kwa debe na filimbi msimu mmoja. Chai nitawapikia.

Lakini bunduki hii sikuirithi. Ilikuwa ya mume wangu, na alipofariki haikumaliza wiki ndani ya nyumba. Askari aliniambia leseni inakufa na mwenyewe, kwa hiyo bunduki iende kituoni, na kama naihitaji niombe upya kwa jina langu. Nilimtukana moyoni. Niliomba. Nikaitwa mbele ya kamati ya kata, wanaume watano na mama mmoja, wakaniuliza mwanamke anataka bunduki ya nini. Nikawaambia nguruwe akiingia shambani haulizi kama mwenye shamba kavaa suruali au khanga. Yule mama akacheka, wengine wakatazama karatasi zao. Nikaulizwa nakunywa pombe? Nina ugomvi na jirani? Nimewahi kuugua kichwa? Wakaja kuona sanduku litakapokaa. Wakanipeleka kwa askari mstaafu anifundishe, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akanirudisha nyuma mara kumi kwa sababu ya jambo moja tu. Kila bunduki ina risasi, alisema, mpaka uifungue kwa mkono wako na uone kwa jicho lako. Usiniambie mwenyewe alisema haina. Mwenyewe anaweza kusahau, anaweza kusema uongo, anaweza kuwa amekufa.

Yote hayo yalichukua miezi saba. Miezi saba nikiwalaani, nikisema wananichezea kwa kuwa ni mjane. Leo nasema miezi ile ndiyo kitu pekee cha akili nilichowahi kufanyiwa na ofisi yoyote, na sipendi kuzisifu ofisi.

Kijiji chetu kiko juu milimani, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka Bigwa kama una magoti mazuri. Huko alikuwa akiishi kaka yangu, na kwake lilikuwepo gobore. Lilitengenezwa na fundi ambaye hata babu zetu walimkumbuka kwa shida. Mtutu wake ulikuwa bomba, kitako kimefungwa waya wa shaba, na kinyundo kilikuwa kimelegea kama jino la mtoto. Unalishindilia kwa mbele: baruti, kitambaa, halafu chochote ulicho nacho, vipande vya nondo, misumari iliyokatwa, gololi za baiskeli. Unaweka fataki chini ya kinyundo, unaomba Mungu. Likishashindiliwa, kutoa kilichomo ni kazi, kwa hiyo kaka alikuwa analiacha hivyohivyo, limeshiba, juu ya dari ya jiko kwenye moshi, likimsubiri nguruwe.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo watoto wa kaka yangu, pamoja na kuwapenda kwake kote, walikuwa wa ukoo wa mama yao, na mrithi wake alikuwa mwanangu mimi, mtoto wa dada. Mjomba akifa, mpwa analichukua jina lake. Siku ya arobaini anakalishwa kwenye mkeka, anavishwa koti la marehemu, anapewa kisu chake na gobore lake, na kuanzia hapo wazee wanamwita kwa jina la mjomba, hata wajukuu wa marehemu wanamwita babu. Si mchezo. Jina linakuja na migomba, na sauti mbele ya wazee wa lukolo, yaani ukoo, na mahali pa kuzikwa. Mwanangu alilijua hilo tangu anatambaa. Alikuwa dereva wa fuso, akipakia vitunguu na nyanya Dumila kwenda sokoni Dar es Salaam, mtu wa barabara, simu mbili mkononi, lakini ukimuuliza yeye ni nani alikuwa hakwambii dereva. Alikuwa anakwambia, mimi ni mpwa wa fulani.

Gobore halikuwa na karatasi hata moja. Serikali ilitangaza msamaha, anayemiliki silaha isiyo na kibali aisalimishe bila kuulizwa, na mtendaji akalisoma tangazo baada ya sala ya Ijumaa. Nilipanda mlima kwa ajili hiyo tu. Kaka alinipokea kwa ndizi za kuchoma na kunisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, kaka."

"Mimi nilishawahi kwenda huko kwenu mjini kuliombea kibali. Wakasema nilete barua ya kijiji. Nikaleta. Wakasema bado ya kata. Nikaleta. Wakasema sasa lilete lenyewe tulione. Nikawauliza, nikikutwa nalo njiani bila karatasi mtanifanyaje? Wakasema tutakukamata. Sasa dada, mtu unafanyaje hapo?"

Hapo kaka alikuwa na haki, na wanaoandika sheria wakiwa wamekaa wangepanda mlima ule siku moja wakaulizwe wao. Mtu wa juu akitaka kufuata sheria anapoteza siku nne za kulima na nauli, na mwisho anaonekana jambazi. Asiyetaka kufuata anapandisha chuma darini, basi. Sheria inayomtesa mtii na kumwacha mkaidi alale itapata wakaidi wengi. Kama ofisi ingepanda yenyewe mara moja kwa mwaka, ikakaa uwanja wa shule na meza yake, ikayaona hayo magobore, ikayaandika yanayofaa, ikayachukua yaliyooza, ikawafundisha wenyewe kuyatoa baruti na kuyafungia, nusu ya wazee wangejitokeza. Sikuomba zaidi ya hapo wakati ule na siombi zaidi ya hapo sasa.

"Basi angalau lisikae na baruti," nikamwambia.

"Gobore tupu ni mwiko wa kusongea ugali," akasema, akacheka, nami nikacheka.

Nikashuka. Na kila mwaka niliendelea kupeleka yangu kukaguliwa, nikipita mbele ya lile tangazo la msamaha kwenye ukuta wa kituo mpaka likapauka, na sikusema neno. Kule milimani, ukimtaja ndugu yako polisi, siku yako ya msiba utazikwa na nani? Nilijiambia nalinda ukoo. Nilikuwa najilinda mwenyewe.

Kaka alifariki kwa shinikizo la damu, akiwa kwenye shamba la maharage, mchana, jembe mkononi. Tulimzika kesho yake kabla ya alasiri. Siku ya arobaini tukapanda wote, na mwanangu akaomba ruhusa kazini, akanunua kanzu mpya na mchele kilo hamsini, akaubeba mwenyewe kipande cha mwisho cha njia ambacho hata pikipiki haipandi. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile. Alikuwa akimlilia mjomba wake huku akingojea kumvaa.

Sasa lazima nieleze kuhusu watani, kwa sababu kuna watu wanadhani utani ni maneno tu ya kuchekesha kwenye redio. Kila ukoo kwetu una ukoo wa watani wake. Msibani watani ndio wanaochimba, wanaopika, wanaowatukana wafiwa ili wasife kwa kulia. Mtani anaweza kulala kaburini akasema hatoki mpaka apewe kuku. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kumwiga anavyotembea, anavyokohoa, anavyomgombeza mkewe. Na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Ukimzuia mtani unatozwa faini, na fedheha yake inakufuata miaka. Mtani hashitakiwi. Hilo tunalijua kabla ya kujua kuhesabu.

Mtani wetu mkubwa alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mwembamba, rafiki wa kaka tangu utoto. Aliponiona nafika alipiga kelele, "Huyu mjane wa mjini kaja kulia au kaja kula ubwabwa? Mtazameni alivyonenepa, mume kafa yeye kapata nafasi!" Nikamwambia yeye hata kufa hawezi, ardhi imemkataa. Watu wakacheka. Ndivyo tulivyosalimiana miaka yote.

Baada ya khitma mwanangu akakalishwa kwenye mkeka. Koti la marehemu, kisu na gobore vikatolewa ndani, vikawekwa mbele ya mjomba wetu, mzee wa ukoo, aliyekuwa akisema maneno ya kurithisha. Kabla hajamaliza, mtani akaruka katikati. Akalinyakua koti, akalivaa. Akakohoa kile kikohozi cha kaka, cha tumbaku, kikavu, mara tatu. Akaanza kutembea akiburuta mguu wa kushoto kama kaka. Kwa kweli alikuwa yeye. Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kisha akaokota gobore.

Niliona. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nimeshaulizwa na watu wema kama labda nilikuwa nimeangalia pembeni. Nilikuwa nimekaa hatua kumi. Niliona fataki ipo mahali pake. Niliona kinyundo. Nilikumbuka kaka alikuwa analiacha limeshiba, nikakumbuka kwamba tangu afe hakuna aliyeligusa ila kulipangusa vumbi, na yale maneno ya askari mstaafu yalinijia kichwani yote, mpaka lile la mwisho, mwenyewe anaweza kuwa amekufa. Nikafungua mdomo. Na hapo nikawaza, wakisema je? Wakisema huyu wa mjini kajifanya askari, kamzuia mtani msibani kwa kaka yake? Nikawaza faini. Nikawaza kucheka kwao. Nikafunga mdomo.

Mtani akamwelekezea mwanangu mtutu. "We mpwa," akasema kwa sauti ya kaka, "umekuja kuchukua jina langu, kwani nimekwambia nimelichoka? Nipe kuku wangu!"

Mwanangu alikuwa anacheka. Alikuwa ananyanyua mkono kumpa noti.

Sitaeleza sana kilichofuata. Mlio wa gobore ni mkubwa kuliko wa bunduki yangu, na moshi wake ni mweupe na haupungui haraka. Moshi ulipopungua mwanangu alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mikono usoni, na mtani alikuwa bado amesimama ndani ya koti la kaka, akiangalia mikono yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tumeusema msemo huo maisha yetu yote tukicheka.

Vijana walimfunga kwenye machela ya mianzi wakaanza kushuka naye. Kabla sijawafuata, mjomba wetu alinishika mkono. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, hili ni la utani, halina kesi wala kinyongo. La pili, nikifika hospitali niseme ni kipande cha grenda, alikuwa anakata geti. Nilimwitikia ndiyo, mjomba. Mtoto wangu anavuja damu kwenye mianzi, na mimi namwitikia mzee ndiyo.

Hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwa hiyo nilikwenda kituoni kuichukua, na askari wa zamu akawa ananifahamu. "Mama wa shotigani," akanichangamkia. Nikamwambia ni grenda. Akaandika grenda, bila kuuliza swali la pili, kwa sababu karatasi zangu siku zote zilikuwa safi. Nilitumia heshima ya bunduki yangu halali kuificha ile haramu. Ningekuwa askari ningenipiga kibao.

Daktari hakudanganyika. Alimtoa mwanangu chuma vipande vitatu usoni, jicho la kushoto akashindwa kuliokoa, kisha akaniita na kibakuli. Ndani kulikuwa na gololi ya baiskeli.

"Mama," akaniambia taratibu, "grenda gani hii inayotema gololi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya hospitali, nikalia kwa hasira. Si juu ya daktari. Juu yangu.

Mwanangu alipopona, walimnyang'anya leseni ya kuendesha magari makubwa. Jicho moja haliruhusiwi kwenye fuso la tani saba. Aliambiwa hivyo ofisini, akasaini, akarudi nyumbani, na katika watu wote waliokuja kumpa pole sikusikia hata mmoja anayesema serikali inamwonea. Kila mtu alielewa. Gari ni chombo cha kuua, sharti mwenye kuliendesha aone, afundishwe, apimwe, aandikwe. Tunalielewa hilo kabisa hata hatujisumbui kulijadili. Ukisema maneno hayohayo kuhusu bunduki, wanaume wazima wanakutazama kama umewavua nguo. Wenzangu wenye bunduki ndio wananichosha zaidi. Tukikutana siku ya ukaguzi wanalalamika foleni, wanalalamika ada, wanasema mwenye nia mbaya hafuati sheria, kwa hiyo sheria ya nini. Mtani wetu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa analia moyoni kwa ajili ya rafiki yake.

Miezi minne ilipita. Wazee wakaleta habari kwamba shughuli haikukamilika, mwanangu apande amalizie kupokea jina lake, na kila kitu chake kimetunzwa. Kila kitu. Niliuliza, na gobore? Wakasema, jina halitolewi nusu. Mwanangu aliposikia alinyanyuka kitandani kwa mara ya kwanza kwa hamu. Alianza kunyoa ndevu.

Wiki ileile mtani alikuja Bigwa peke yake, kwa miguu. Nilikuwa napepeta mchele uani. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Hujambo, dada," akasema.

Nilishtuka kuliko angenitukana. Tangu tujuane hajawahi kunisalimia kama mtu na mtu. Nikamwambia karibu, shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda.

"Limewekwa kwenye mzinga wa nyuki," akasema. "Ule mkongwe, juu ya mto, kwenye migomba ya kaka yako. Wameshalishindilia tena. Wanasema lisiende kwa mrithi likiwa na njaa." Akajifuta uso na kofia. "Mimi siwezi kulishika tena. Wewe una karatasi, wanakujua huko. Lichukue, dada. Mimi utani umeniisha."

Nililichukua. Nilipanda na mtendaji wa kijiji kama shahidi, mchana kweupe, nikalitoa mzinguni, nikalitoa fataki kwa mkono wangu mwenyewe, nikalifunga kwenye khanga na kushuka nalo mbele ya nyumba zote. Hakuna aliyenisemesha. Mjomba wetu alikuwa amekaa barazani, nikampa shikamoo, akageuza uso ukutani.

Kituoni nilieleza yote, pamoja na ile grenda. Niligombezwa mpaka nikajiona mtoto wa shule, na walikuwa na haki. Walichukua maelezo ya mtani siku mbili wakamwachia. Mimi walinizuilia shotigani yangu miezi sita wakichunguza kama mtu aliyedanganya anastahili kukaa nayo, na msimu ule nguruwe walikula kila kitu. Sikulalamika. Baadaye wakanirudishia, na onyo limeandikwa kwenye faili.

Ukoo ulikaa kikao. Walisema mama aliyepeleka urithi wa kaka yake polisi ameuza jina. Jina wakampa mtoto wa mdogo wangu wa kike, kijana mwenye duka la vifaa vya simu mjini, ambaye hata alipozaliwa kaka alisahau kumpa jina. Migomba ikaenda kwake. Mwanangu aliambiwa kwa simu. Alisikiliza, akasema sawa, akaweka simu mezani, na tangu hapo hakunisemesha.

Nimekuwa nikimhutubia mlangoni kwake, simfichi mtu. Nimemwambia jina ni mtu, si bomba. Nimemwambia koti lingetosha, kisu kingetosha, na kwamba chombo cha kuua hakitakiwi kupita mkono kwa mkono kama mkeka, mtu akifa kinatakiwa kisimame kwanza, kitazamwe, na anayekipokea aulizwe yeye ni nani. Nimemwambia ukoo ndio uliokosea. Kila nikimaliza nasikia anageuka kitandani.

Mwezi uliopita ilikuwa siku yangu ya ukaguzi. Niliifungua shotigani, nikaitazama mitutu yote miwili, tupu, nikaitia kwenye mfuko wake. Nilipotoka uani mwanangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa amekigeuza kidogo kama anavyofanya siku hizi ili jicho zima linione.

"Mama," akasema.

Nilisimama. Nilifurahi, nakiri, nikauweka mfuko chini.

"Hiyo yako, jioni inarudi nyumbani?"

"Inarudi, mwanangu. Wanaiangalia tu."

"Wanaiangalia tu," akasema. "Ile yangu kuna aliyekuuliza kama inaweza kuangaliwa tu?"

Nilikuwa na majibu. Mtutu wa bomba hauwezi kupitishwa, ule mwili wote ulikuwa umeoza, fundi yeyote angesema hivyo. Lakini hilo silo aliloniuliza. Ukweli ni kwamba pale kituoni sikuuliza. Mimi ninayesema kila siku ofisi iwasikilize watu wa mlimani, sikumsikiliza hata huyu mmoja aliyekuwa nyumbani kwangu. Nililibwaga mezani na kusaini.

"Jicho alinitoa mtani kwa bahati mbaya," akasema, bila hasira, kama anamweleza abiria njia. "Jina umenivua wewe, mama. Na wewe macho yote mawili unayo."

Kisha akaingia ndani, na zaidi ya shikamoo sijamsikia tena. Ningeulizwa leo, gobore lile ningelipeleka tena, kwa mikono hii hii. Lakini safari hii ningemwambia kwanza, twende wote, ukalikabidhi wewe. Hilo halikunijia akilini siku ile. Nilibeba bunduki yangu nikatoka, maana ofisi inafungwa saa tisa.